Wanaokimbia na Wanaopita

Saa kumi na mbili asubuhi barabara za Kalemie, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Kongo, tayari zina watu. Akina mama wanashuka ziwani kupokea ndagala waliovuliwa usiku, walimu wanaelekea shuleni, mafundi wamepanda nyuma ya pikipiki za abiria huku wamepakata mifuko ya zana. Katikati yao hupita watu wasiobeba chochote na wasio na haraka ya kufika popote: kijana aliyevaa raba anakimbia kando ya barabara, wanaume watatu wananyoosha viungo uwanjani, mtu wa makamo anatembea kwa kasi huku akitupa mikono. Anayekwenda kazini huwatazama kidogo, kisha hushika njia yake. Kesho yake, saa ile ile, huwakuta tena.

Kutazama huko kwa dakika moja au chini yake kumechunguzwa na wanasaikolojia, kumewapa madaktari hoja, na katika mji mmoja wa jirani kumewatia watawala wasiwasi. Kila mara jambo linalojitokeza ni lile lile: watu wengi huanza mazoezi kwa sababu waliona wengine wakiyafanya, na ili waone ni lazima pawepo mahali pa wazi ambapo anayefanya mazoezi na anayepita wanakutana.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram alichapisha utafiti kuhusu watu wanaoonana kila siku bila kusemezana. Wanafunzi wake walikwenda kwenye vituo vya treni asubuhi, wakapiga picha umati uliokuwa ukisubiri usafiri wa kwenda kazini. Baadaye walirudi na nakala za picha hizo, wakawagawia abiria na kuwauliza wanamtambua nani. Kwa wastani kila abiria alizitambua sura nne za watu ambao hakuwahi kuzungumza nao hata siku moja, wakati wale aliowahi kuzungumza nao hawakufika wawili. Wengi walieleza kwamba huwafikiria watu hao: wanafanya kazi gani, wanaishi vipi, leo mbona hawakuonekana.

Milgram alisimulia pia kisa cha mwanamke aliyeanguka na kuzimia barabarani huko Brooklyn, New York. Aliyemwitia gari la wagonjwa na kwenda naye hadi hospitali alikuwa mkazi wa mtaa ule ule ambaye kwa miaka 17 alikuwa akimwona tu, bila neno. Kumbe kuonana kwa kila siku kulikuwa kumeshajenga wajibu ambao hakuna aliyeutamka.

Kwetu ukimya wa namna hiyo haungedumu miaka 17. Anayekimbia asubuhi Kalemie, Uvira au Lubumbashi husalimiwa, hutaniwa, hupigiwa kelele za “Kuraji, papa!” na watu asiowajua. Siku asipopita, muuza mandazi wa pembeni ya barabara ndiye wa kwanza kuuliza. Hilo ni jambo la thamani, na miji mingi mikubwa ya dunia imelipoteza.

Mtu anayetazamwa naye habaki vile vile. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana alichambua rekodi za waendesha baiskeli akaona kwamba walioshindana bega kwa bega walikuwa na kasi kubwa kuliko waliokimbizana na saa peke yao. Mwaka 1983 Charles Worringham na David Messick walichapisha jaribio lingine, safari hii kwenye njia ya wakimbiaji huko Santa Barbara, California. Mwanamke aliwekwa ameketi kando ya njia. Kuna nyakati aliwaelekea wakimbiaji, nyakati nyingine aliwapa mgongo. Wakimbiaji, ambao hawakujua kwamba wanapimwa, waliongeza kasi alipowaelekea. Alipowapa mgongo hawakubadilika. Hakuwasemesha wala hakuwapigia makofi. Macho peke yake yalitosha.

Lakini kwa afya ya jamii, anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule aliyeketi ndani ya gari akipita. Na hapa habari inaanzia hasa ndani ya basi.

Miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jeremy Morris wa Uingereza alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiua wanaume wengi wa makamo. Aliwachunguza wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000, wenye umri kati ya miaka 35 na 64. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva na kondakta wake walivuta hewa ile ile na kufanya kazi katika jiji lile lile, tofauti yao kubwa ikiwa kwamba dereva alikaa kitini karibu zamu nzima, wakati kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, vipandio 500 hadi 750 kwa siku. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1953: makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na kwao vifo vya ghafla vilikuwa vichache zaidi. Morris aliwalinganisha pia wapeleka barua wanaotembea kwa miguu na makarani wanaokaa ofisini, akakuta hali kama hiyo.

Utingo wa daladala anayening'inia mlangoni na dereva wake wanaweza kujiona wenyewe katika habari hiyo. Abiria pia.

Morris aliamini alichokigundua akaanza kukimbia. Uzeeni alisimulia kwamba miaka ya 1960, alipokuwa akikimbia kwenye uwanda wa Hampstead Heath jijini London, watu walimwona kama mwenda wazimu. Leo haipiti asubuhi bila wakimbiaji kwenye uwanda huo. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, upande wa pili wa dunia, kocha wa riadha wa Oregon, Bill Bowerman, alizuru New Zealand mwishoni mwa mwaka 1962. Mwenyeji wake, kocha Arthur Lydiard, alikuwa amewaanzishia watu wa kawaida wa Auckland mbio za polepole: wafanyabiashara, akina mama, wazee, hata watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Bowerman alikuwa akifundisha mabingwa na alijiona yuko vizuri. Alipojiunga na kundi hilo aliachwa nyuma, na aliyebaki naye kumfariji njiani alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Bowerman alirudi Marekani amebadilika. Alianzisha mazoezi kama hayo mjini Eugene, na kitabu alichokiandika na daktari wa moyo, W. E. Harris, kikawaingiza Wamarekani wengi barabarani kukimbia. Yote yalianzia kwa mtu aliyewaona wageni wakikimbia.

Afrika Mashariki haikuhitaji kumngoja Lydiard ili ijue kukimbia kwa pamoja. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, mistari ya watoto wakiimba na kupiga hatua kwa kiitikio kimoja huku mtaa mzima ukiamka kwa sauti zao. Vikundi vya mbio vya Dar es Salaam vimeurithi mtindo huo. Mwishoni mwa wiki hupita mitaani vikiimba, na mara nyingi mtoto au kijana wa pembeni huingia nyuma ya msafara akakimbia nao hatua kadhaa kabla ya kurudi alikotoka. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa iliyoifanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar hufungua mwaka kwa siku ya mazoezi ya viungo tarehe 1 Januari, vikundi vya Unguja na Pemba vikikusanyika kwa matembezi na mazoezi. Abiria wa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 nao hupita Jangwani wakitazama dirishani vijana wanaofukuzia mpira kwenye viwanja vya vumbi, mchezo mzima ukiwa umepunguzwa kuwa pasi mbili tatu kabla basi halijapanda kuelekea Magomeni.

Iten, katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, mambo haya yamefika mbali kuliko pengine popote. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na barabara zake za udongo mwekundu ndizo kiwanja cha mazoezi. Mtoto anayekwenda shule hupishana na mabingwa wa dunia wanaotiririka jasho, kila siku, bila tiketi na bila uzio. Watu wamezungumza sana kuhusu hewa nyembamba, ugali na miguu ya Wakalenjin. Kinachosahauliwa ni kwamba mtoto wa Iten hukua akiuona ubingwa kama kazi ya jirani.

Kutazamwa kuna upande wake mchungu. Bujumbura iko ncha ya kaskazini ya ziwa lile lile linaloosha Kalemie, na Kiswahili kimeishi huko kwa vizazi, hasa mtaa wa Buyenzi. Mji huo ulikuwa na desturi ya miaka mingi: mwishoni mwa wiki, mapema kabla jua halijakali, vikundi vya watu vilikimbia kutoka mitaani kwenda milimani na kurudi, vikiimba na kupiga makofi. Wenyeji huihusisha desturi hiyo na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, watu walipotafuta njia ya kupumua, na kukimbia kwa kundi kukawa salama kuliko kukimbia peke yako. Miaka hiyo hiyo Venuste Niyongabo aliipa Burundi dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, mara ya kwanza nchi hiyo kushiriki michezo hiyo.

Machi 2014 mbio hizo ziligeuka kesi. Wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wakikimbia mjini walikabiliana na polisi. Watu wengi walikamatwa, na kabla mwezi haujaisha mahakama iliwahukumu 21 kati yao kifungo cha maisha. Mwaka huo huo mbio za makundi zilipigwa marufuku barabarani, zikaruhusiwa tu katika viwanja na sehemu zilizotengwa. Utawala ulidai kwamba makundi hayo yalitumika kuandaa vurugu. Kinaya ni kwamba rais aliyekuwa madarakani, Pierre Nkurunziza, alikuwa mwalimu wa michezo kwa taaluma, mpenzi mkubwa wa soka aliyekuwa na timu yake, Haleluya.

Hukumu ile ilikuwa nzito kupita kiasi, na marufuku iliwaadhibu pia maelfu waliotaka tu kutoka jasho. Lakini inaonyesha kwamba watawala walijua nguvu ya kinachotazamwa. Kundi linalokimbia ndani ya ukuta wa uwanja halimfikii mama aliye sokoni wala dereva aliye kwenye foleni. Likipita barabarani linaonekana, na asiyekuwamo anaweza kuingia.

Nairobi nayo iliwahi kukaribia kupoteza mahali pake pa kutazamana. Uhuru Park ilifunguliwa rasmi mwaka 1969, na kwa miongo mingi imekuwa njia ya wafanyakazi wanaokatiza kwa miguu kati ya Upper Hill na katikati ya jiji, wakipishana na wanaokimbia na wanaoruka kamba kwenye nyasi. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kusimamisha ndani yake jumba la ghorofa 60, makao ya chama tawala na gazeti lake. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kusikia, akatukanwa bungeni, hakurudi nyuma. Wafadhili walijitoa na jumba halikujengwa. Miaka 10 baadaye, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, ambao ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, sasa ni sehemu ambayo wakazi wa Nairobi huenda kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Anayekimbia pale Jumamosi hii anakanyaga ardhi iliyopiganiwa kwa damu.

Sasa turudi kwa mama anayetoka ziwani Kalemie na beseni la samaki kichwani. Anapomwona kijana akikimbia bila mzigo, ana haki ya kushangaa. Yeye ameshatembea, ameinama, ameinua, amepanda mlima, na siku haijaanza. Takwimu ziko upande wake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha nchi 168, ulikuta kwamba Uganda ndiyo yenye watu wachache kuliko zote wasiopata shughuli za mwili za kutosha, asilimia 5.5 tu, na sababu si ukumbi wa mazoezi bali jembe na mguu. Dunia kwa jumla inakwenda kinyume: mwaka 2022 watu wazima asilimia 31, karibu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango kinachoshauriwa, na wanawake ni wengi zaidi, asilimia 34 wakati wanaume ni 29. Kiwango chenyewe hakitishi. Shirika hilo linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za shughuli nzito, kama kukimbia. Kutembea kwenda kazini kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Kubeba beseni kunahesabiwa pia.

Hatari inawajia watoto wa mama huyo. Karani hukaa mezani saa nane, dereva wa pikipiki huketi kutwa, mwanafunzi hubebwa mahali ambapo babu yake alitembea. Shinikizo la damu na kisukari vimeshaingia katika miji yetu, na havibishi hodi. Kwa watu hao, kijana anayekimbia kando ya barabara anawaonyesha kitu ambacho mwili wao umeanza kukikosa.

Wanawake wanahitaji kutajwa peke yao. Mwanamume akikimbia hupigiwa “Kuraji!”, mwanamke akikimbia mara nyingi hupigiwa miluzi, huulizwa mume wake yuko wapi, hukosolewa mavazi. Si kwetu tu. Mwaka 2015 shirika la Sport England lilianzisha kampeni maalumu kwa wanawake baada ya kubaini kwamba kilichowazuia wengi kufanya mazoezi ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa, kwa umbo lao au kwa kutojua kwao. Jicho lile lile linalomwongezea mwanamume kasi linaweza kumrudisha mwanamke nyumbani. Hapo anayepita njia ana kazi nyepesi sana ya kufanya: amsalimie kwa heshima kama anavyomsalimia mama mwingine yeyote, au apite kimya.

Awe bara huko Piana-Mwanga au kandokando ya ziwa, msomaji anaweza kuuliza: bustani yenyewe iko wapi? Swali ni la haki. Miji mingi ya mkoa wa Tanganyika haikupata nyasi zilizokatwa na mabenchi. Ina uwanja wa shule, ua wa parokia, kiwanja cha mpira kisicho na nyavu, na barabara. Kalemie imepungukiwa hata na fukwe zake, kwa kuwa tangu mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kufunika sehemu za mwambao, Kalemie kama Uvira na Bujumbura, yakifukuza watu majumbani. Kila kiwanja kilichobaki kinatamaniwa na mwenye kutaka kujenga. Kikishauzwa hakirudi, na hakuna Wangari Maathai katika kila mji.

Kigali ilianza bila bustani mpya. Mwaka 2016 jiji hilo liliamua kufunga baadhi ya barabara zake kuu kwa magari asubuhi ya Jumapili, zikabaki kwa waenda kwa miguu, wakimbiaji na baiskeli. Sasa siku hiyo huja mara mbili kwa mwezi, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, na pembeni ya njia wahudumu wa afya huwapima watu shinikizo la damu na sukari bila malipo. Anayetoka nyumbani kwenda kutazama tu hujikuta amepimwa, pengine amekimbia.

Meya wa Kalemie na washauri wake wanaweza kulifanya hilo bila kungoja mfadhili: barabara moja, Jumapili mbili kwa mwezi, muda wa saa tatu, na polisi wawili wa kuelekeza pikipiki zipite kwingine. Wakuu wa shule na maparoko waache milango ya viwanja vyao wazi alfajiri. Na wewe unayepita hapo kila siku ukielekea kazini, shuka kituo kimoja kabla ya chako, utembee kilichobaki.